Kadi ya Kliniki ya Marehemu Babu

Vikao vya ukoo wetu vina ubaya mmoja: ukitoka nje kupokea simu, unarudi umeshachaguliwa. Mimi nilirudi nikakuta ni katibu wa mti wa ukoo. Nitafute tarehe za wazee wote, za kuzaliwa, kuoa na kufa, tena "ziwe na ushahidi wa maandishi," akasisitiza mpwa wangu, ambaye yeye hakupewa kazi yoyote.

Nikaanza na babu. Kwenye ofisi ya vizazi na vifo, dada wa dirishani akaniomba kadi ya kliniki.

"Ya nani?"

"Ya huyo aliyezaliwa, anko."

Nikamweleza kwamba huyo aliyezaliwa, alizaliwa Ugogo wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, majeshi yalipokomba nafaka na ng'ombe. Kliniki ipi? Akafikiri kidogo. "Basi lete cheti cha darasa la saba."

Tusimlaumu sana. Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, ila Mwafrika hakulazimishwa kujiandikisha. Nani angetembea hadi bomani kwa hiari yake, kwenda kujitaja kwa serikali? Sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya 1922, hiyo haikuwa na hiari. Babu alipozaliwa serikali haikuwa na habari naye. Alipoota ndevu ikamjua hadi nyumba. Shangazi ana kopo limejaa stakabadhi zake za kodi, nikalibeba zima zima.

Dada akazipekua kwa adabu. "Hizi zinaonyesha alilipa, anko. Hazionyeshi alizaliwa."

Cheti cha kifo je? Barua itoke kwa mtendaji wa kijiji alikofia. Babu alifariki 1969, na kijiji kikahamishwa 1971 kwenye Operesheni Dodoma. Pale pamebaki mibuyu, nayo haina mtendaji.

Kanisani walau kuna kitabu cha ubatizo. Babu yumo. Umri: mtu mzima. Jina la baba: mpagani. Hayo ndiyo maandishi pekee yanayomtaja baba yake babu, na mpwa wangu, kwa kuwa ana ushahidi, ameshamwingiza kwenye mti: Bwana Mpagani, tawi la juu kabisa.

Mwishowe dada akanionea huruma. "Andika Julai mosi, anko. Wazee wote tunawaandika hivyo."

Nikafurahi, nikampigia shangazi. Akaja juu. "Julai? Julai mtama uko ghalani! Baba yangu kazaliwa watu wanakula mizizi, wewe unamzalisha wakati wa mavuno?"

Dada aliyasikia yote, maana shangazi hajui kuongea na simu taratibu. Akairudisha fomu kwangu.

"Kama kuna ubishi, lete kiapo cha mtu aliyekuwepo siku hiyo."