Barua ya Wazi kwa FA: Tamworth Waombewe Ndege

Kwa: Chama cha Soka cha England (FA),
Wembley, London.

YAH: MECHI YA MARUDIO, TAMWORTH DHIDI YA TOTTENHAM HOTSPUR

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mashabiki wa timu za madaraja ya chini, wale ambao mpira ukipigwa ovyo uwanjani kwao hutua kwenye bustani ya jirani, wanawasalimu waheshimiwa wa FA na kuwatakia mapumziko mema. Wanajua kwamba watu wamechoka. Wachezaji wa Ligi Kuu wamechoka, makocha wao wamechoka, hata kalenda imechoka. Kwa sababu hiyo, tarehe 18 Aprili 2024, FA ilitangaza kuzifuta mechi za marudio za Kombe la FA kuanzia raundi ya kwanza. Tangu hapo, kila Januari kidonda hutoneshwa.

Waombaji wanaleta shauri la tarehe 12 Januari 2025. Siku hiyo, kwenye Kombe la FA, Tottenham (Spurs) walifika Lamb Ground huko Staffordshire, uwanja wa Tamworth, timu ya daraja la chini; ni uwanja wa nyasi bandia usioingiza hata watu 5,000. Mechi ilichelewa kuanza kwa sababu nyavu za goli zilikuwa na tundu. Zikazibwa, filimbi ikapulizwa, na dakika 90 zikaisha suluhu. Golini mwa Tamworth alisimama Jas Singh, ambaye riziki yake nyingine ni ukaguzi wa majengo.

Kwa utaratibu wa zamani, hapo watu wangepeana mikono na Tamworth wangejiandaa kwenda London, kwenye uwanja wa watu zaidi ya 62,000, kisha mapato ya mlangoni yagawanywe. Kwa utaratibu wa sasa zikaongezwa dakika 30, na kutoka benchi la Spurs wakaingia Son Heung-min na Dejan Kulusevski. Tamworth wakajifunga bao la kwanza, wakafungwa mengine mawili. Ikawa 3-0.

Mashabiki wenyewe hawajamaliza kubishana juu ya wageni wale. Wapo wanaosema Spurs waliidharau mechi. Wengine wanasema hapana, walicheza kwa nguvu zote na hicho ndicho kichekesho. Mzee mmoja mmoja atakumbusha kwamba Tamworth nao walipita raundi ya pili kwa penalti dhidi ya Burton Albion, bila marudio, na hawakuandikia mtu barua. Hoja yake imesikilizwa. Burton, hata hivyo, hawana uwanja wa watu 62,000.

Sasa ombi lenyewe. Waombaji hawathubutu kudai marudio yachezwe London, maana safari ya chini ya kilomita 200 inaweza kuwaumiza Spurs. Wanaomba yachezwe Melbourne, Australia.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Tarehe 19 Mei 2024 Spurs walifunga msimu wa ligi mjini Sheffield. Tarehe 22 Mei, siku tatu baadaye, walikuwa Melbourne wakicheza mechi ya kirafiki na Newcastle mbele ya watu 78,419. Ni karibu kilomita 17,000, na hapakusikika malalamiko kuhusu kalenda. Ni wazi kwamba hewa ya kule inaponya uchovu ambao hewa ya Staffordshire inauzidisha.

FA inaombwa basi kukodi ndege. Nyasi za Lamb Ground zikunjwe kama mkeka na kupakiwa kwanza, maana ndizo Spurs walizozizoea. Nyavu zifuate, na tundu lake lizibuliwe tena, ni kielelezo. Birika la chai lipewe kiti cha dirishani. Wakazi wa Tamworth hawafiki 80,000 na uwanja wa kriketi wa Melbourne unachukua watu 100,000, kwa hiyo mji mzima uhamishwe kwa siku mbili, pamoja na meya, wauza samaki na chipsi, na yule mwamuzi wa akiba ambaye hakuna aliyewahi kumsikiliza. Watakaobaki kulinda mji watazame kwenye televisheni: saa 2 usiku ya Melbourne mwezi Januari ni saa 3 asubuhi Tamworth. Kwa kuwa muda huo kipa anatakiwa awe kazini, katibu wa FA amwandikie mwajiri wake barua ya ruhusa, yenye mhuri, akieleza kwamba kijana hajachoka.

Yapo maombi madogo pia. Filamu ya bao la Ronnie Radford wa Hereford iteketezwe, kwani Februari 1972 timu hiyo ndogo iliwatoa Newcastle kwenye mechi ya marudio, baada ya sare ya 2-2 ugenini, na kumbukumbu ya namna hiyo inawapa watu mawazo. Exeter City nao watozwe faini. Januari 2005, wakiwa nje ya ligi na wakimilikiwa na mashabiki wao, walitoka suluhu na Manchester United pale Old Trafford na kuwalazimisha Cristiano Ronaldo na Wayne Rooney wasafiri hadi kwao Devon kuwafunga 2-0. Wakapoteza mechi, wakapunguza madeni.

Hapa adabu inawashinda waombaji kidogo. Mwaka 1901 Tottenham walilitwaa Kombe la FA wakiwa nje ya Ligi ya Soka, na tangu ligi hiyo ianzishwe mwaka 1888 hakuna timu nyingine ya nje iliyoweza. Waliwezaje? Fainali dhidi ya Sheffield United iliisha 2-2 pale Crystal Palace. Wakarudiana Bolton, wakashinda 3-1. Mwaka 1981 tena, sare na Manchester City, marudio, kombe. Mwaka 2018 walirudiana na Newport County, kisha Rochdale, ndani ya mwezi mmoja, na hakuna aliyekufa. Ngazi ile ile iliyowapandisha ndiyo iliyokatwa wakati Tamworth wanaikanyaga, na iliyoikata ni FA, chombo kilichokabidhiwa kuilinda. Kula na kufunga mlango, wengine wakibaki nje na sahani mkononi, si mipango ya kalenda. Ni choyo.

Waombaji wanaomba radhi kwa ukali huo na wanaahidi hautajirudia, kama ilivyo kwa mechi.

Ndege ikikosekana, basi la kawaida litatosha, mradi litoke mapema ili wachezaji wawahi kazini Jumatatu.

Wenu katika ujenzi wa ratiba,
Mashabiki wa Madaraja ya Chini.

Nakala: Sheffield United, ambao wanaruhusiwa kuunga mkono uamuzi wa FA, ila wamechelewa miaka 123.