Usiizike Printa kwa Sababu ya Sponji

Taa za hitilafu zinawaka kwa kupokezana, na kompyuta inatangaza kwamba sehemu fulani ya ndani imemaliza muda wake wa kazi. Wanafunzi wamepanga foleni mpaka mlangoni mwa steshenari, flashi mkononi, na matangi yote manne ya wino yamejaa pomoni. Hatua ya kwanza ni kumkatalia yeyote anayekwambia ukanunue printa nyingine. Yako haijafa. Imegoma kwa ajili ya sponji.

Hatua ya pili, ijue sponji yenyewe. Kila unaposafisha hedi, pampu hufyonza wino, ule ule ulionunua kwa pesa yako, na kuutema kwenye sponji zilizofichwa ndani ya mashine. Kinachonichoma ni hiki: katika printa nyingi za aina hii hakuna kifaa kinachopima kama sponji imelowa. Printa hukadiria tu. Inajumlisha kila usafishaji kwenye chipu ya kumbukumbu, na jumla ikifika kikomo, kazi imesimama. Canon hukuandikia 5B00. Huko Ufaransa chama cha HOP kiliwashtaki watengenezaji wa printa mwaka 2017, kwa sheria ya 2015 inayofanya ufupishaji wa makusudi wa maisha ya bidhaa kuwa jinai. Nami nakiunga mkono chama hicho.

Hatua ya tatu ni kutafuta njia salama ya kuriseti hesabu, na hapa ndipo wengi hunaswa. Programu ya mafundi wa Epson, Adjustment Program, haikukusudiwa kukufikia wewe, kwa hiyo huja kwa flashi ya kuazima, na maelekezo yake huanza na "zima antivairasi". Kataa. Kompyuta yenye vyeti na vitambulisho vya wateja haichezewi hivyo. Afadhali ulipie ufunguo wa mara moja wa programu ya kuriseti ya WIC. Epson yenyewe imewapa wateja wa Marekani programu ya bure ya kuriseti, japo mara moja tu. Mwenye steshenari wa Tandika amekosa nini asipewe?

Sasa namgeukia fundi wa dakika tano. Umerudisha namba sifuri, umepokea hela, umekwenda zako. Na sponji? Umeifundisha printa kusema uongo! Siku si nyingi wino mweusi utachuruzika mezani, utaingia kwenye sakiti, na mashine iliyokuwa inaugua namba itakufa kweli. Ufundi gani huo?

Kwa hiyo fanya kazi nzima. Zima, chomoa umeme, vaa glavu. Kwenye Epson L3110 na ndugu zake, kisanduku cha sponji kiko nyuma, kimeshikwa na skrubu moja. Kivute taratibu, uchomoe mpira wa wino. Zipige picha sponji kabla ya kuzitoa, maana zimepangwa kwa tabaka na kila moja ina pahali pake. Zikamue na kuzisuuza mpaka maji yatoke safi, halafu zianike zikauke kabisa; ukirudisha sponji mbichi umejaza nafasi ya wino kwa maji. Zikiwa zimechakaa, weka mpya. Maji hayo ya wino usiyamwage karibu na kisima wala kwenye tuta la mchicha. Wapo wanaorefusha mpira hadi kwenye chupa nje ya printa, nami sina ugomvi nao, mradi chupa ikae chini kuliko mashine na awepo mtu wa kuimwaga.

Riseti baada ya hapo, si kabla. Zima, washa, chapa karatasi ya kukagua matundu ya hedi. Mistari ikitoka kamili, ondoa kidole kwenye kitufe cha kusafisha, kwa sababu kila ukikibonyeza hesabu inapanda. Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, hata shule zikiwa zimefungwa, ili hedi isikauke. Kisha bandika nyuma ya printa karatasi yenye tarehe uliyobadilisha sponji, fundi ajaye aikute.