Mheshimiwa Amelala Gereji

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Basi gari la kifahari la Kijerumani hushuka Mombasa likiwa na miaka 7, umri ambao mipira ya kuzuia oili na mabomba ya plastiki ya rejeta yanajiandaa kustaafu. Mmiliki wa kwanza, kule Uingereza, hakuliuza kwa ukarimu.

Jirani yangu analo moja, la springi za hewa. Jioni analiacha limesimama wima; asubuhi analikuta limelalia tumbo. Hata betri mpya sharti isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, sijui kwa kuogopa wageni. Fundi wa mtaani, bingwa wa Probox, alifungua boneti, akaifunga polepole, akaomba maji ya kunywa. Kirinyaga Road, ambako spea za Toyota hazikosi, walimjibu jirani: “Hiyo ni ya kuagiza, mzee. Lipa kwanza.”

Siku hizi gari, mheshimiwa lenyewe, limelala gereji; jirani hupanda matatu, ufunguo ukining’inia kidoleni, nembo ikitazama abiria. Makanga humwita bosi, kisha humdai nauli kamili.