Samaki Aliyevurugwa: Mwongozo wa Kufumbua Fumbo la Jumamosi

Kabla ya yote, aga. Mwage mwenzi wako, waage watoto, mwambie na jirani kwamba akikuona dirishani unazungumza peke yako asihangaike kumwita daktari. Hapa hatuzungumzii ile chemshabongo ya kuulizwa mji mkuu wa Malawi kwa herufi nane, ambayo mtu huimaliza chai haijapoa. Tunazungumzia fumbo zito la mwisho wa wiki katika magazeti ya Uingereza, lile ambalo kila kidokezo ni sentensi fasaha, yenye adabu, isiyosema hata kidogo kile unachodhani inasema. Watu wazima wenye shahada na mikopo ya nyumba hulipia gazeti ili wachezewe akili namna hiyo, na Jumamosi ijayo hulipa tena.

Usiogope. Kama umekulia katika nyumba ambamo shangazi alikuwa akichagua kanga kwa maandishi yake, rangi baadaye, kisha akajifunga na kupita polepole mbele ya mlango wa jirani, basi darasa la kwanza la fani hii umeshalimaliza. Unajua kwamba maneno yana uso na yana tumbo. Kilichobaki ni kuhesabu miraba.

Tuanze mazoezi kwa lugha yetu, maana vidokezo vya Kiingereza vitakufuata vyenyewe. Kidokezo cha aina hii huwa na vipande viwili. Kimoja, mwanzoni au mwishoni, ni maana ya kawaida ya jibu. Kingine ni maelekezo ya kulijenga jibu hilo herufi kwa herufi. Mtungaji huviunganisha hata usione mshono. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya herufi. Haya:

Sote, mbona tumemficha mnyama mkubwa? (5)

Anayejibu "kifaru" hajui kuhesabu. Anayejibu "twiga" anajua kuhesabu, lakini hajasoma. Acha kuwaza mbuga na utazame karatasi: soTE MBOna. Tembo amesimama hapo muda wote, na sentensi yenyewe imekiri kwamba imemficha. Ndiyo haki ya mchezo huu, nayo ina watetezi wakali: mtungaji ana ruhusa ya kukupoteza njia, hana ruhusa ya kukuongopea.

Wakati mwingine jibu limegeuzwa. "Dosari ya Ali aliyegeuka (3)" ni ila, kwa kuwa Ali akisomwa kinyumenyume hana budi kuwa na ila. Akina Ali watusamehe. Wakati mwingine limeungwa vipande: "Paka kwa chai isiyokwisha apata kikapu cha makuti (7)." Chai isiyofika mwisho ni cha, ukiitangulizia paka unapata pakacha. Na kuna vidokezo visivyo na vipande kabisa, utani mtupu: "Mnyama anayekuna nazi (5)." Mtoto wa Pwani atasema mbuzi bila kuinua kichwa. Aliyekulia mbali na minazi atafungua kitabu cha wanyamapori, na mwacheni afungue, kuna msimu mzima wa mvua wa kujifunza.

Kwa habari ya mvua, sasa tunafika kwenye kisa kinachovunja urafiki:

Samaki aliyevurugwa huleta mvua nyingi (6)

"Aliyevurugwa" ni ishara kwamba herufi za samaki zipangwe upya. Mmoja wenu ataruka kutoka kitini: "Makasi!" Atashika kalamu. Mwingine atasema kwamba huo ni mkasi, tena makasi hayaleti mvua, yanakata nguo. Mabishano ya mkasi na makasi yatachukua nusu saa, na wasiohusika wataletewa chai. Halafu mtu aliyekuwa kimya tangu asubuhi atasema, kwa sauti ya kujiamini inayotisha, "Kamasi." Herufi zinatimia. Mtazameni kwa huruma. Angalieni pia kwamba herufi ya pili ni A katika makasi, katika kamasi na katika jibu la kweli, kwa hiyo lile neno la wima mlilohangaika nalo saa nzima ili liwape A limewapa hewa. Jibu ni masika. Anayeuliza kwa nini hakulisema mapema aambiwe kwamba alikuwa akilifikiria.

Hilo linatufikisha kwenye uteuzi wa wenzako, jambo zito kuliko fumbo lenyewe. Unahitaji mtu mmoja wa kamusi, ambaye hafumbui chochote ila husema "lipo" au "halipo" kama kadhi. Unahitaji mtu wa penseli. Mtu wa kalamu ya wino asialikwe. Akialikwa, apewe karatasi yake mwenyewe. Unahitaji mwenye maarifa yasiyo na faida: majina ya mito ya Uskoti, wachezaji wa kriketi waliokufa, sehemu za meli za matanga. Na ni vizuri kuwa na mlalaji. Sijui kwa nini, lakini kila kundi lina mtu anayesinzia kuanzia saa nane mchana, akaamka saa tisa na nusu, akataja jibu la nambari 17 mlalo, kisha akaendelea kulala. Msimwamshe na msimshukuru, ataharibika.

Wa kumfungia mlango ni yule aliyelimaliza alfajiri na amekuja "kuwasaidia." Utamjua kwa kutabasamu. Mkiwa kwenye kidokezo atasema, "Mh, hicho kizuri hicho," na mtu mzima atatamani kumwagia kitu.

Kuhusu kutoa majibu, wenyeji wa mchezo huu hawana utaratibu wowote wa maana. Aliyekwama hukwama, na mafumbo ya zawadi hayatolewi majibu mpaka muda wa kutuma upite. Hapa tunaweza kuwafundisha. Bibi zetu walishalimaliza suala hili: umeshindwa kitendawili, toa mji. Kundi liwe na sheria hiyo. Anayetaka kuambiwa jibu ampe mji aliyelipata, na huyo ana haki ya kuukataa. Ukimpa mji wenye vumbi atataka wenye bandari. Ukimpa Tanga ataulizia Mombasa. Mwisho wa siku mlalaji atakuwa anatawala Afrika Mashariki yote, na bado yuko kwenye kochi.

Msitegemee huruma ya mtungaji. Watungaji hujificha nyuma ya majina ya bandia, na majina waliyochagua yanatosha kukupa taarifa. Edward Powys Mathers, aliyelitungia gazeti la The Observer kuanzia 1926, alijiita Torquemada, yaani yule mkuu wa mahakama ya kanisa la Hispania iliyowatesa walioitwa wazushi. Aliyemrithi mwaka 1939, mwalimu wa lugha za kale Derrick Somerset Macnutt, akachukua jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo, Ximenes. Ndiye aliyeandika kitabu mwaka 1966 cha kueleza haki na dhuluma katika utungaji. Mwaka 1972 akaja Azed, ambalo ni jina la mkuu mwingine tena wa mahakama hiyo, Deza, likisomwa kinyumenyume. Ukoo unaochagua majina katika chumba cha mateso hauulizwi kwa nini unaumiza.

Na kilele chao ni fumbo la Listener. Lilianza mwaka 1930 katika jarida la BBC lililoitwa hivyo. Jarida lilikufa mwaka 1991, fumbo likakataa kuzikwa nalo, likahamia gazeti la The Times, ambako hutoka Jumamosi. Hili huanza na utangulizi, nao husomwa kama mkataba wa kupanga nyumba: polepole, mara mbili, ukitafuta ulipoibiwa. Utaambiwa kwamba vidokezo kadhaa vina herufi moja isiyo yake, kwamba majibu mengine hayaenei katika miraba, kwamba ukimaliza kujaza yote bado hujamaliza, sharti ubadilishe kitu, upake rangi kitu, wakati mwingine uchukue mkasi. (Au makasi.) Kamusi inayohitajika ni ya Chambers. Ni nene, imejaa maneno ambayo Waingereza wenyewe waliyaacha karne kadhaa zilizopita, na hilo litakufariji: kufikia jioni wewe na wao mtakuwa mnakijua Kiingereza sawasawa.

Itafika saa ambayo watu wa nyumbani watauliza kama vyombo vitaoshwa leo. Jibu liandaliwe mapema. Waambie kwamba Januari 1942, wakati wa vita, gazeti la Daily Telegraph liliwaalika wasomaji walifumbue fumbo lake kwa muda wa dakika 12, na baadhi ya walioshiriki wakatafutwa baadaye kwa siri, wakaenda Bletchley Park kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Hivyo taifa laweza kukuhitaji wakati wowote. Usiwasimulie ya mwaka 1944, pale Leonard Dawe, mwalimu mkuu aliyekuwa akitungia gazeti hilohilo, alipohojiwa na maafisa wa usalama kwa sababu Utah, Omaha, Overlord na majina mengine ya siri ya uvamizi wa Normandy yalikuwa yametokea katika mafumbo yake. Hiyo ya pili huwapa watu wa nyumbani mawazo.

Mkimaliza, tumeni. Jawabu la Listener hukaguliwa, makosa huhesabiwa, na herufi moja mbovu hulitia doa fumbo zima. Mmoja wenu atakuwa amebakiza mraba mmoja. Mjazie E, kwa Kiingereza ndiyo herufi inayotumika zaidi, na makosa yenye takwimu hayaaibishi. Majibu yakichapishwa, na herufi ikawa U, kundi lisimame pamoja na kutamka kwamba kidokezo hakikuwa cha haki na kwamba Ximenes asingekipitisha. Tamko hili lisitolewe mbele ya mtu wa kamusi.

Wenye haraka wafanye hiki wakisubiri gazeti lijalo: "Mnyama wa porini aliyebeba askari tumboni (6)." Jibu ninalo. Nipe mji, na usinipe wenye vumbi.