Ndege ya Baba Neema Yaota Pua

Shemeji yenu anaunda ndege gerejini kwetu huku Wisconsin, na nilikuwa nimeshaizoea. Gari langu lililala nje kwenye theluji, mabawa yaliegemea ukutani karibu na friza la nyama, maisha yakaendelea. Kasheshe ilianza alipoghairi injini ya pistoni akaniletea turbaini.

Ni Solar T62, iliyoundwa San Diego na kutumika kwenye helikopta za Chinook za jeshi la Marekani. Huko haikurusha kitu; ilitoa umeme na nguvu za kuamshia injini kubwa. Jeshi likiziuza, mafundi wa ndege za nyumbani huzigombea.

"Mama Neema, nguvu za farasi 150, na tumeibeba watu wawili tu!" Yeye na mdogo wake wakaitua juu ya meza yangu ya kukunjia nguo.

Wepesi huo ndio uliotuponza. Ndege hutaka uzito wa mbele na wa nyuma ulingane. Injini ya Lycoming ya nguvu hizohizo ina zaidi ya kilo 100. Ukiweka nyepesi mahali palepale, mkia unaelemea. Dawa ni kuisogeza mbele, ndiyo maana ndege nyingi zilizobadilishiwa injini kuwa za turbaini zina pua ndefu. Mizani yangu ya bafuni ikaenda kukaa chini ya gurudumu la mkia, pua ikarefushwa, na mlango wa gereji ukagoma kufunga. Januari, Wisconsin! Bomba la mashine ya kufulia likaganda, tukawa tunafua kwa beseni bafuni.

Theluji ilipoyeyuka, akaisukuma nje kuijaribu, propela ikiwa bado haijafungwa. Mhimili wa turbaini hii huzunguka zaidi ya mara 60,000 kwa dakika, kisha gia huupunguza mpaka mwendo ambao propela itauweza. Ila kwanza betri lazima iuzungushe kwa kasi ya kutosha, na betri aliyotumia ilitoka kwenye gari langu, imechoka na baridi. Mafuta yakawaka, mhimili ukasuasua. Hewa isipopita ya kutosha, joto hupanda ghafla, na usipokata mafuta upesi unaunguza mapanga ya ndani. Mshale wa joto ukaruka, yeye anapapasa swichi, ulimi wa moto ukatoka kwenye bomba la moshi ukaramba kanga yangu kambani. Jina likabaki, pindo likaenda. Jirani akawaita zimamoto.

Kwenye jaribio lililofuata, kwa betri mpya, iliwaka sawasawa, ikilia kama drili ya daktari wa meno. Inakunywa mafuta kuliko pistoni kwa mbali kwa kazi ileile, na hata ikiwa haivuti kitu huzunguka kwa kasi yake yote. Bajeti ya mboga imeshaonja hilo.

Sasa anakusanya picha za kumwonyesha mkaguzi, kwa kuwa sheria ya Marekani inamtaka mjenzi awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi mwenyewe. Wenyewe husema asilimia 51. Nimezipitia: nusu yake nimeshika tochi. Nimemwambia sina ugomvi na 51 zake. Zile 49 ni zangu, nazo nazidai kwa mita za gereji, kuanzia pale gari langu lilipokuwa likilala.