Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Leicester, Uingereza

Waheshimiwa Madiwani,

YAH: SHUKRANI KWA TANGAZO LENU LA MWAKA 1972

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 wafungashe virago, halmashauri yenu iliwahi kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus: nyumba hakuna, shule zimejaa, huduma za afya zimeelemewa, kwa hiyo kwa faida yenu na ya familia zenu, msije Leicester. Watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo wakaulizana: huko kuna nini hasa, mpaka tukatazwe kwa hela? Wakaja kwa maelfu. Bodi zetu za utalii bado zinautafuta ufundi huo.

Hasara mliyoipata inasikitisha. Belgrave Road imegeuka maduka ya sari na dhahabu, na kwenye sikukuu ya Diwali umati unafurika kutoka miji mingine kuja kuwaachia pesa. Mlipokea wahasibu, walimu, wafamasia na mafundi cherehani ambao Uganda iliwalea na kuwasomesha. Ninyi hamkuwanunulia hata penseli. Wengine walikosa adabu kabisa. Mwaka 1974, katika kiwanda cha Imperial Typewriters, waligoma wakidai kutendewa sawa na Wazungu, na chama cha wafanyakazi, kilichokuwa kikiwakata ada, kikawageuzia kisogo. (Ada, nadhani, haikurudishwa.)

Mshindi alikuwa Amin. Kufukuza huko alikuita vita vya uchumi, akawagawia askari maduka, na muda si mrefu Uganda, yenye mashamba ya miwa kule Kakira, ikaanza kupanga foleni ya sukari. Baadaye Rais Museveni aliwaita waliofukuzwa warudi kuchukua mali zao.

Sasa nasikia serikali yenu, tangu Julai 2025, imefunga mlango wa kuajiri watunza wazee kutoka nje. Hongereni. Ila mzee wa Leicester atageuzwa kitandani na nani usiku wa manane? Na diwani? Mkibadili mawazo msione haya. Kenya ilikwisha kutia saini makubaliano na serikali yenu mwaka 2021 kuhusu wauguzi. Wameshasoma, wanajua kazi, na ada yao, kama kawaida, tulilipa sisi.

Wenu katika ujenzi wa taifa (lenu),

Mlipa Kodi wa Afrika Mashariki