Sifa za Ushuzi

Hakuna kitu duniani kinachokanwa na mwenyewe kama ushuzi. Ukizuka ndani ya daladala iliyojaa, abiria wote hupata shughuli ya ghafla dirishani, na akiwamo mtoto mchanga, kesi imekwisha: ni yeye. Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Nausimamia utetezi wake kwa ushahidi, si kwa huruma: ushuzi ni habari njema kutoka utumbo mpana, na anayeuonea haya anaionea haya afya yake.

Tuanze na sahani ya maharage. Ndani yake mna sukari iitwayo rafinosi, ambayo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Hupita utumbo mdogo ikiwa nzima, na ikifika utumbo mpana hupokewa na matrilioni ya bakteria wenye njaa. Hao huichachusha pamoja na nyuzinyuzi za kunde, mboga na matunda, na kazi yao huzaa vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni gesi: hidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Cha pili ni asidi kama butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walipima hewa ya watu 10 wenye afya waliokula chakula chao cha kawaida na gramu 200 za maharage: walitoa kati ya mililita 476 na 1,491 kwa siku. Waliponyimwa nyuzinyuzi, kiasi kilishuka sana. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha upande wa pili. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Butireti ya Wamarekani iliongezeka zaidi ya maradufu kwa nyuzinyuzi, na ya Waafrika ikashuka kwa nusu kwa nyama na mafuta.

Watasema unanuka. Kweli, lakini gesi zenye harufu, hasa za salfa, hazifiki asilimia moja ya hewa yote, na salfa hiyo hutokana sana na mayai, nyama na kabichi. Pilau ina kesi ya kujibu kabla ya maharage. Watasema unatengua udhu. Unatengua, lakini sheria haikuuita dhambi. Imeagiza maji tu, kama ilivyoagiza kwa aliyelala usingizi mzito. Pingamizi zito ni la daktari: gesi ikiandamana na maumivu makali, kuhara, damu au kukonda, mtu aende hospitali. Nakubali bila ubishi. Ila daktari huyohuyo, akishampasua mgonjwa tumbo, hupita wodini asubuhi na kuuliza mbele ya wauguzi na ndugu: "Umeshatoa hewa?" Mgonjwa akiitikia, nyuso zote hukunjuka, kwa kuwa matumbo yameamka. Kinachopongezwa hivyo kitandani hakiwezi kuwa aibu kwa asili yake. Aibu yake ni ya mahali tu, na mahali huchaguliwa na mwenye tumbo, si na bakteria. Mwenye adabu na atoke nje, kisha arudi amalizie maharage yake.